Tupeane uzoefu: mwalimu wa michezo aliyekaa nanyi shule ya mbali

Mleta mada

Wakuu, habari za saa hizi.

Tangu Alphonce Simbu, kijana wa Singida, achukue dhahabu ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, nimesoma pongezi nyingi na zote anastahili. Kuna kundi moja tu naona halitajwi. Ni walimu wa shule za pembezoni ambao ratiba ikiandika "michezo" saa tisa alasiri, wao wanatoka kweli, filimbi shingoni, wakati wenzao wameshaelekea nyumbani. Wengi hawakusomea ukocha. Walikabidhiwa michezo kwa sababu ndio waliokuwa vijana siku waliporipoti, wakabaki nayo mpaka mvi.

Nawataja hasa waliobaki. Shule ya mbali hupokea walimu na kuwapoteza. Mtu anaripoti, anakuta nyumba ya mwalimu haina mlango, maji ni ya mtoni, mshahara anaufuata wilayani na kupoteza siku mbili za vipindi, na kabla mwaka haujaisha barua ya kuomba uhamisho imeshafika kwa afisa elimu. Simlaumu yeyote aliyeondoka. Ila yule aliyebaki, watoto wake wanamjua, na wazazi wao aliwafundisha pia.

Wa kwangu alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Kwa wadogo: baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, serikali ilitaka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977, na walimu wa kutosha hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanasomea ualimu huku wanafundisha. Watu waliwadharau. "Huyo ni wa UPE" lilikuwa neno la kumaliza mtu. Basi huyo wa UPE alitufundisha hesabu za sehemu kwa uwanja wa mpira. Alitutoa nje na kamba ya katani, tukapima urefu wa uwanja, tukaikunja kamba mara mbili tukapata nusu, tukaikunja tena tukapata robo, kila alama ikachorwa kwa majivu. Theluthi ilitusumbua mpaka akatusimamisha watatu kwenye kamba na kutuambia tusogee hadi kila mmoja awe na kipande sawa na mwenzake. Jioni tukacheza juu ya mistari ileile. Mpaka leo nikikutana na theluthi kwenye hesabu za kazini, miguu yangu inajua ilipo.

Karibuni. Majina ya walimu tuyahifadhi, tueleze walichofanya.

Mtu wa Visiwani

Kwetu Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, adui wa shule alikuwa dagaa.

Niwaeleze waliokulia bara. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa karabai, mwanga unawavuta juu, nyavu inawakusanya. Mbalamwezi ikiwa kubwa karabai haina kazi, mitumbwi inapumzika ufukweni. Kijana wa darasa la sita akiingia ziwani usiku wa giza, alfajiri anarudi na hela mkononi. Saa mbili asubuhi amelala juu ya dawati, na ikipita miezi michache haji kabisa.

Mwalimu wetu alitoka bara, ziwa alikuwa halijui. Alikaa na wazee wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akasoma hesabu ya mwezi mpaka akaimudu kama mvuvi. Kisha akapanga kila kitu kwa mwezi. Mechi kubwa zote mbalamwezi. Masomo ya ziada ya darasa la saba mbalamwezi. Wiki za giza mazoezi yakawa mafupi, na sheria ikawa moja: asubuhi usipoonekana darasani, jioni huchezi. Aliyekuja na usingizi hakumchapa. Alimwacha alale nyuma ya darasa mpaka mapumziko, halafu anamwamsha na kumpa daftari la mwenzake anakili alichokosa.

Alichofanya baadaye ndicho kilichobadilisha mambo. Alikwenda kwa matajiri wa mitumbwi mmoja mmoja, jioni wakati wanashona nyavu. Hakuwahubiria kuhusu haki za mtoto. Aliwaambia: huyu ni mshambuliaji wangu, akiwa ziwani tunafungwa na kijiji cha jirani, na wewe utakuwa umekaa pale unaangalia. Matajiri walikuwa mashabiki kuliko sisi wachezaji. Mmoja akaanza kuwarudisha watoto mwenyewe wakija mwaloni kuomba kazi. Katika darasa letu wavulana wengi tulifika kwenye mtihani wa darasa la saba, na miaka ya nyuma yetu hali haikuwa hivyo.

Jirani wa Ludewa

Mkuu umenikumbusha mbali. Sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa tulikuwa na hilohilo la usipa, samaki wadogo kama dagaa. Wetu naye alitembea nyumba kwa nyumba, ila baada ya miaka michache akahamishwa na timu ikafa mwezi huohuo. Inauma mpaka leo.

Dada wa Mwambao

Naomba tusisahau walimu wa kike na mpira wa pete.

Nimesoma shule ya msingi kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Nkasi. Wakati huo barabara hakuna, ukitaka kwenda popote unasubiri boti, au MV Liemba ikipita unaifuata kwa mtumbwi katikati ya maji maana gati hakuna. Ndiyo meli ileile ya Wajerumani ya enzi za Vita vya Kwanza.

Mwalimu wetu aliripoti na begi moja na mpira mmoja. Magoli hayakuwepo. Kijijini palikuwa na mzee aliyefunga ukingo wa pipa kuukuu kwenye mti, akasema wasichana warushe humo. Mwalimu akamshukuru kwa heshima zote, kesho yake akaenda kwa fundi wa boti na kipande cha nondo na rula. Pete ya kweli ina kipenyo cha sentimita 38 na nguzo ina mita 3.05. Akasimama pale mpaka fundi akaikunja sawasawa, ikapimwa, ikarudiwa, ikapimwa tena. Sisi tulinung'unika, kwenye pipa kila mtu alikuwa anafunga. Alitujibu kwamba Namanyere, makao makuu ya wilaya, hatutakuta pipa.

Na kweli, tulipofika mashindano ya wilaya, kuna timu tuliona zimezoea pete pana, mpira unagonga chuma unarudi, wanatazamana. Mfungaji wetu, binti wa muuza migebuka, alikuwa anasimama, anahesabu moyoni, anaachia. Sheria inakupa sekunde tatu tu na mpira, naye alikuwa anazitumia zote.

Kufika huko kulikuwa na kazi. Baba yangu alikataa: msichana alale wapi, na nani, kwa sketi ile? Mwalimu alikuja nyumbani, akakaa kwenye mkeka jikoni na mama, wala hakuanza na habari za michezo. Alisema: sketi itavaliwa na suruali ndani, safari ni boti hadi Kirando halafu lori, kulala ni darasani, na mimi nalala mlangoni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Usiku nikiamka kwenda haja lazima nimruke, naye anaamka, ananisindikiza na tochi.

Kuna mwenzetu alipata mimba akiwa darasa la saba. Kwa utaratibu wa wakati huo akaondolewa shule, na huo ndio ukawa mwisho wa jina lake kwenye rejista. Mwalimu hakuwa na uwezo wa kumrudisha darasani, lakini uwanja haukuwa na rejista. Alimwita aje na mtoto mgongoni, akamfundisha uamuzi, akampa filimbi. Serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi shule, nilimfikiria yeye kabla ya mtu mwingine. Kwake lilichelewa. Leo anachezesha mechi za wanawake wa kata, na sauti yake inasikika mpaka majini.

Mzee wa Mbulu

Shikamooni kwa walionizidi, wengine marahaba.

Huku kwetu hakuna aliyehitaji kutushawishi kukimbia, shule ilikuwa mbali na kuchelewa ni fimbo. Kilichohitajika ni mtu wa kutufundisha kukimbia kwa akili.

Mwalimu wetu alikuwa na hadithi mbili. Ya kwanza ni ya John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu hiihii. Mexico 1968 alianguka kwenye marathoni, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, uwanja umeshaanza kuwa tupu na giza linaingia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote huko aanze mbio, ilimtuma azimalize. Hii aliisimulia mstarini.

Ya pili ni ya Filbert Bayi wa Karatu, Christchurch, Februari 1974, mita 1500. Bayi aliongoza tangu bunduki hadi utepe, 3:32.2, rekodi ya dunia. Hii aliisimulia uwanjani, na ilituharibu wote, maana kila mtoto alitaka kuondoka kama Bayi na mzunguko wa pili wote tumekata pumzi tumeshika viuno. Hakutugombeza. Siku iliyofuata alisema: mzunguko wa kwanza kimbieni midomo imefungwa. Anayefungua mdomo anatoka. Basi ukikimbia kasi isiyo yako pua haikutoshi, lazima upunguze. Saa ya kupimia hakuwa nayo, pua zetu ndizo zikawa saa. Mzunguko wa pili anaruhusu mdomo, wa tatu anakaa kimya, wa mwisho anapiga rimu ya gari iliyokuwa kengele ya shule, na hapo kila mtu anajua alichobakiza.

Nimekuwa mkulima, sikufika hata mkoani. Lakini nalima hivyohivyo: asubuhi mdomo umefungwa.

Mkenya wa Bonde

Jamani, mimi ni wa upande wa pili wa mpaka, naomba niingie kidogo.

Watu wakitaja mwalimu na kocha wa mashinani huku kwetu, wa kwanza ni Bruda Colm O'Connell. Alitoka Ireland mwaka wa 1976 kufundisha jiografia St Patrick's, Iten, mji ulio kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ukocha hakuwa ameusomea. Alijifunza kwa kuwaangalia wanafunzi wenyewe, akabaki. Peter Rono aliyeshinda dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988 alipitia mikononi mwake, na David Rudisha alikuwa naye alipoweka rekodi ya mita 800, 1:40.91, London 2012.

Mimi sikusoma huko. Shule yetu ilikuwa chini bondeni, Kerio, joto kali, jina halijulikani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa anapanda ile miinuko siku za wikendi, anasimama kando ya uwanja Iten anatazama mazoezi na kuandika kwenye daftari la mazoezi la mtoto. Jumatatu anatuonyesha: leo hatukimbii mbali, leo tunarekebisha mikono. Tulifanya mazoezi ya mikono tukiwa tumesimama mpaka tukachoka. Hakuna aliyekuwa bingwa kati yetu. Lakini wanne ni walimu sasa, na wote wanne tunashika michezo. Lile daftari ninalo mimi.

Mtoto wa Mwalimu

Nimesita kuandika. Nimesoma yote mliyosema na machozi yamenitoka, kwa sababu mwalimu wa namna hiyo ndiye baba yangu. Naomba niseme ilivyokuwa ndani ya nyumba.

Jezi za shule zilifuliwa na mama. Seti nzima, kwa mkono, maji ya kubeba kichwani, kila baada ya mechi. Wachezaji wanaotoka vitongoji vya mbali walilala kwetu kuamkia siku ya safari, na sufuria ilikuwa ni ileile. Mama alikuwa anatuangalia sisi watoto wake kwa jicho fulani, tunajua maana yake: pakua kidogo. Mshahara wa baba ukifika, kuna fungu la mpira, la dawa ya maumivu, la nauli ya mtoto fulani ambaye baba yake amekataa kutoa. Mama alilima karanga, na karanga zile ndizo zilizotununulia sare.

Baba aliitwa mara kadhaa kuwa mwalimu mkuu kwenye shule iliyo karibu na mji. Alikataa. Mama hakuulizwa. Mimi nilikuwa sekondari wakati huo na nilikasirika kwa miaka, maana kule mjini kulikuwa na umeme na hospitali, na mdogo wangu alikuwa na pumu. Usiku akibanwa kifua, baba anambeba mgongoni kwenda zahanati, wachezaji wake wawili wanatangulia na taa. Yaani hata hilo nalo lilifanywa na timu.

Simsemi vibaya. Nampenda na najivunia. Nikitaja jina lake kwenye ofisi yoyote ya wilaya yetu, mtu anasimama kunisalimia. Nasema tu kwamba mkimhesabu aliyebaki, mhesabuni na aliyebaki naye. Siku ya kumuaga alipostaafu kulikuwa na hotuba nyingi, na jina la mama lilitajwa na mtu mmoja tu, aliyekuwa golikipa. Alisema, "Mama, wali wako wa Ijumaa ndio uliokuwa unadaka zile penalti." Mama alicheka sana siku ile.

Dada wa Mwambao

Mtoto wa Mwalimu, asante kwa kutuandikia. Mwalimu wetu hakuolewa, na sisi watoto tulidhani ni kwa sababu anatupenda sisi. Sasa niko na umri aliokuwa nao yeye, nalitazama jambo lile kwa macho mengine. Msalimie mama.

Mwalimu Kazini

Niko Katavi, shule ya msingi, michezo iko chini yangu. Nimekuja kusoma nikidhani nitapata maarifa ya mazoezi, nimepata zaidi.

Niseme hali ya sasa kwa ufupi. Tangu elimu bila ada ianze 2016 wanafunzi wameongezeka, uwanja ni uleule. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, inapokaribia, ngazi ya kata tunajigharamia wenyewe: walimu tunachangishana, mwenye pikipiki anabeba wadogo, wakubwa wanatembea. Ukivuka kwenda wilayani ndipo unapata msaada kidogo wa usafiri. Hilo nimelizoea.

Kinachonikera ni mamluki. Kila mwaka kuna shule inaleta kijana mwenye ndevu, eti darasa la sita. Mwaka wa kwanza wazazi wa wanafunzi wangu walinijia na shauri hilohilo: kuna kijana amemaliza zamani, mguu wa kushoto hatari, mwandike tu. Kikao kilikuwa kirefu. Niliwaambia nikimwandika yeye, kuna mtoto wa darasa la sita ambaye amekuja mazoezini tangu Januari nitakayemfuta, njooni mumwambie nyinyi. Nikamwita yule mtoto akasimama mbele yao. Hakuna mzazi aliyefungua mdomo. Tulifungwa mabao mengi mwaka ule. Ila tangu hapo hakuna anayeniletea habari hiyo, na kile kitoto sasa kiko kidato cha tatu, likizo kinakuja kunisaidia kupanga koni. Koni zenyewe ni makopo ya mafuta yaliyojazwa mchanga.

Swali langu kwa mzee wa Mbulu: mazoezi ya kufunga mdomo umri gani yalianza? Nina watoto wa darasa la nne, sitaki kuwaumiza.

Mzee wa Mbulu

Mwalimu, sisi tulianza darasa la tano, na alitukimbiza taratibu sana mwanzoni, kama mchezo. Mtoto mwenye mafua au pumu alimtoa moja kwa moja, akamfanya mshika bendera. Wa la nne waache wakimbizane tu, watajifunza.

Mleta mada

Nimesoma kila neno. Mtoto wa Mwalimu, ulichoandika kimenifanya nipige simu kwa mjane wa mwalimu wangu leo mchana. Tumeongea mpaka salio likaisha. Kamba ile ya katani, ameniambia, alikuwa anaisokota yeye.

Kama kuna wanaotaka kufanya jambo kwa mwalimu aliye hai, wasisubiri. Wengi wamestaafu na miaka 60, wamerudi vijijini kwao ambako hawakuishi tangu ujana. Anzeni na kujua yuko wapi na anahitaji nini, msianze na cheti cha kumpamba ukutani.

Mtu wa Visiwani

Sisi tumeshaanza. Mwalimu wetu amerudi kwao bara, nyumba aliyoijenga kidogo kidogo imeishia kwenye lenta. Mtoto wa yule tajiri aliyekuwa akiwafukuza watoto mwaloni ametoa bati zote. Bado mbao, misumari na fundi, na usafiri kutoka Mwanza. Mliosoma Ukara miaka ile na mnajijua, niandikieni ujumbe wa faragha mniambie mlicheza nafasi gani, nami nitajua kama kweli mlikuwepo. Tunataka paa liwe juu kabla ya mvua za vuli.